Somo la Tanga Lililoanzia Chepkoilel



Chepkoilel haina bahari. Iko kiasi cha kilomita 9 kutoka mjini Eldoret, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo mtoto wa Lamu huvaa sweta mbili na bado akatetemeka. Mwaka 1946 palikuwa kituo cha kuwafunza walowezi wenye mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu, mwaka 1990 pakachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 pakapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Wengi hadi leo hupaita Chepkoilel tu. Huko ndiko tulikompeleka binti yetu, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, akasome elimu ya samaki na viumbe wa majini.

Watu walitucheka kidogo. Walituuliza iweje mtoto atoke ufukweni akafuate samaki mlimani. Tuliwajibu kwamba elimu hufuatwa ilipo, nasi tulikuwa na yakini na jibu letu. Lakini kabla ya muhula wa kwanza kwisha, binti alitupigia simu usiku, sauti yake ikiwa ya mtu aliyekuwa akilia. Siku hiyo darasani yalikuwa yamezuka mazungumzo kuhusu wavuvi wasiotumia mashine. Mwalimu aliuliza ni vipi chombo cha tanga huweza kufika mahali ambako upepo unatokea. Macho ya wenzake yote yakamgeukia yeye, mtoto wa Pwani, mwenye jina la Pwani na lafudhi ya Pwani. Naye hakuwa na la kusema. Aliyejibu ni kijana wa upande wa Ziwa Victoria, ambako wavuvi nao hutweka matanga ya pembe tatu.

“Babu ni nahodha,” alitwambia, “nami sijui hata kamba moja ya dau lake ina kazi gani.”

Hatukuwa na jawabu la kumpa. Sisi wenyewe tumezaliwa kando ya maji, na asubuhi zote za maisha yetu tumeyaona matanga yakipita dirishani kama mtu aonavyo mawingu. Hatukuwahi kuuliza. Kuna methali tuliyokua tukiisikia: dau la mnyonge haliendi joshi. Tuliitumia kumliwaza aliyekosa kazi au aliyenyimwa haki, wala hatukujua kwamba joshi ni neno la mabaharia, maana yake ni kuelekeza chombo karibu na kule upepo unakotokea. Elimu ilibaki katika methali, na mikono iliyoijua ilikuwa ikizeeka.

Mikono hiyo ni ya ami yetu, ambaye binti humwita babu. Ameendesha vyombo tangu utotoni, na macho yake sasa yameanza kuingia ukungu. Likizo ya Disemba ilipofika tulikwenda kwake na ombi letu. Alilikataa hata kabla chai haijamiminwa.

Tulidhani tunaijua sababu. Ami alimpoteza mdogo wake msimu mmoja wa kusi: chombo kilipatikana, mwenyewe hakupatikana. Tena binti ni mwanamke, na bahari ya kwetu kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Mama yake binti, aliyekuwa ameandaa hoja njia nzima, alianza kumsimulia habari za Ummu Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaja watu wa umma wake watakaopanda bahari katika njia ya Mwenyezi Mungu, bibi huyu alimwomba amwombee awe miongoni mwao. Miaka mingi baadaye, katika ukhalifa wa Uthman, mwaka wa 28 Hijria kwa kauli mashuhuri, alipanda chombo pamoja na mumewe Ubada bin Samit wakavuka hadi kisiwa cha Saiprasi. Huko alianguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda akafariki, na mahali panaponasibishwa na kaburi lake, karibu na mji wa Larnaca, panazuriwa hadi leo. Hatudai kwamba alishika usukani, wala safari yake haikuwa ya kujifunza tanga. Tunasema tu kwamba mwanamke Mwislamu aliipenda safari ya bahari, akaiombea dua, na hakukatazwa.

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Sikumkataa kwa kuwa ni mwanamke. Nimemkataa kwa kuwa hajui kuogelea. Na wewe mamake pia hujui.”

Hivyo ndivyo somo la kwanza lilivyokuwa, ndugu wasomaji, nasi tungependa kila nyumba ilichukue: tanga huanza kwa kuogelea. Kwa siku nane, baada ya Sala ya Alfajiri, mama na binti walikwenda pamoja kwenye kihori kilichojificha, wakafundishwa na jirani mwanamke ajuaye maji. Walivaa suruali pana, kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichoshika mwili, na mtandio uliobanwa vizuri shingoni. Buibui halifai majini, kwa kuwa hulowa likawa zito na kumfunga mtu miguu. Sitara hupatikana kwa nguo nyingine. Jambo la mwanzo walilofundishwa ni kuelea chali na kupumua taratibu, kwa sababu mtu anayejua kuelea hupata muda wa kufikiri. Mwisho wa siku hizo waliweza kuelea kwa dakika kadhaa na kuogelea umbali wa kutosha kurudi chomboni. Hata hivyo ami aliweka sharti la pili: hakuna atakayepanda bila jaketi la kuokolea maisha lililofungwa kifuani. Lililowekwa chini ya ubao wa kukalia si jaketi, alisema, ni mto wa kukalia.

Somo la pili lilifundishwa juu ya mkeka, nalo lilikuwa somo la mwezi. Hapa familia ya Kiislamu ina mtaji ambao haijui kuwa inao. Kalenda ya Hijria tunayoitumia kwa ajili ya saumu na Idi ndiyo hiyo hiyo inayotwambia hali ya maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Huko Mombasa, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4. Wanaofunga masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, hufuturu wakati bahari inakaribia bamvua. Baina yake, kiasi cha mwezi 8 au 9, na tena 23 au 24, huja maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwanafunzi mpya achague maji mafu, kwa kuwa katika mkanda kama ule wa kati ya Lamu na Manda, mkondo wa bamvua unaweza kulichukua dau la mtu asiyejua akabaki ameshika usukani bure.

Kisha ukaja upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kiasi cha Aprili hadi Septemba, nao katikati ya msimu huwa mkali na bahari huchafuka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia kiasi cha Disemba hadi Machi. Kati ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, siku za pepo nyepesi zisizokuwa na msimamo. Hizo ndizo siku za upole kwa mwanafunzi. Sisi tulikuwa tumeshaingia kaskazi, basi ami akaamua masomo yawe asubuhi tu, kabla upepo haujapata nguvu, na yawe ndani ya mkanda, wala si nje kwenye bahari kuu. Alimwagiza binti asimame ufukweni akiwa amefumba macho na aseme upepo unatoka wapi kwa kuusikia kwenye masikio na mashavu. Siku ya kwanza alikosea. Siku ya tatu alisema kabla hajaulizwa.

Siku ya kupanda dau ilipowadia, ami alitaja kila kitu kwa jina lake na kumtaka binti arudie. Omo ni mbele na tezi ni nyuma. Mlingoti ndio nguzo inayobeba tanga. Foromali ni mti mrefu uliofungiwa ukingo wa juu wa tanga, nao hutwekwa kwa henza. Usukani uko tezini, na mti wa kuugeuzia ni kana: ukiisukuma kana kulia, omo huenda kushoto. Jambo hili humtatiza kila mgeni, na dawa yake ni mazoezi tu. Kamba iliyofungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, ambayo kwayo tanga huvutwa au kulegezwa, ni demani.

Hapo ndipo lilipopatikana jawabu la swali la Chepkoilel, nasi tunaliandika kama tulivyolielewa. Upepo unapotoka nyuma, tanga husukumwa tu kama mwavuli, na hilo halihitaji maelezo. Lakini upepo unapotoka ubavuni na tanga likavutwa vizuri, tanga hutuna na upepo hupita pande zake zote mbili. Mpito huo huzaa nguvu ya kulivuta tanga kwa upande na kidogo kwa mbele. Dau haliwezi kwenda upande kwa urahisi, kwa sababu mkuku wake na ubavu wake mrefu huzuiwa na maji. Njia iliyobaki ni ya mbele, nalo hupita huko, mfano wa mbegu ya chungwa inayobanwa kati ya vidole viwili ikaruka. Kwa hiyo chombo kinaweza kwenda joshi. Kisichoweza ni kuukabili upepo moja kwa moja: ukijaribu, tanga hupigapiga na chombo husimama. Anayetaka kufika kule upepo unakotoka huenda mshazari upande huu, kisha hugeuka akaenda mshazari upande ule, kidogo kidogo mpaka afike. Huko ndiko kubisha.

Kugeuka kwenyewe kuna adabu yake. Katika vyombo vyetu vya foromali haigeuzwi omo kuukata upepo. Chombo hugeuzwa kwa tezi, demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti, na tanga huzungushwa kwa mbele mpaka upande wa pili. Wakati huo kila mtu ainame, na kila mtu ajue kazi yake. Ndiyo sababu wakubwa walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tusiwafiche wasomaji: wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Dau lilizunguka mahali pamoja, lilipanda fungu la mchanga, na siku moja lilirudi likivutwa na mashua ya mashine huku watoto wakishangilia kutoka gatini. Ami hakukasirika hata mara moja. Mama yake binti alipanda kila siku, akikaa chini katikati, na ami akampa cheo cha farumi, yaani ule uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke. Siku ya saba waliliinamisha dau kwa makusudi kwenye maji ya kifuani mpaka likajaa maji, ili wajue la kufanya. Kanuni ilikuwa moja: usiliache dau ukaogelee pwani. Dau la mbao huelea hata likijaa maji, na anayekutafuta ataliona dau kabla hajakiona kichwa chako.

Siku ya tisa ndiyo tunayoikumbuka zaidi. Mikono ya binti ilikuwa imechubuka kwa kamba, na ili aipumzishe, aliifunga demani kwenye kishikizo cha ubavuni, fundo mbili. Mama yake aliliona fundo na akafurahi, kwa kuwa machoni pake kilichofungwa kiko salama. Dau lilikuwa likienda vyema. Ghafla upepo ukashuka kutoka upande wa Manda kwa nguvu moja. Dau likalala, maji yakaanza kuingia ubavuni, na mama akawa anasoma yote aliyoyahifadhi. Ami hakuondoka mahali pake. Alisema neno moja tu: “Demani.”

Binti alihangaika na fundo. Sekunde zile zilikuwa ndefu. Lilipofunguka na kamba kumtoka mkononi, tanga likapoteza upepo mara moja, na dau likasimama wima kama mtu aliyezinduka usingizini. Walikaa kimya wakifua maji kwa kata. Kisha ami akasema maneno ambayo tumeyaleta nyumbani na hatutayasahau: demani hushikwa, haifungwi. Ukiifunga, upepo wa ghafla utakupindua. Ukiiachia moja kwa moja, chombo hakiendi popote. Ishike mkononi, uusikie upepo kupitia kamba, vuta inapofaa, legeza inapofaa. Halafu, akiwa anatazama maji, akatwambia kile ambacho hakuwahi kukisema kwa miaka yote: demani ya chombo cha mdogo wake ilikutwa imefungwa.

Ndugu wasomaji, katika Surat Ash-Shura, aya ya 32 na ya 33, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba vyombo vipitavyo baharini ni miongoni mwa ishara Zake, na kwamba Akitaka huutuliza upepo. Wakubwa wetu walilijua hilo walipopanda huku wakisoma dua aliyoisoma Nabii Nuh, amani iwe juu yake, kama ilivyo katika Surat Hud. Lakini kumtegemea Mungu hakukuwazuia kujifunza. Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 kitabu chake cha Al-Fawaid juu ya nyota, misimu na njia za bahari, na ndani ya elimu hiyo imo pwani yetu ya Afrika Mashariki. Watu hao waliomba dua, kisha wakakagua kamba.

Elimu hiyo haijafa. Mjini Lamu, ambao Mji wake wa Kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, mashindano ya majahazi yangalipo, na mafundi bado wanaunda vyombo. Mwaka 2018 ilishushwa majini Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kusindikwa upya. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria. Ikiwa ufundi wa Lamu umefika ziwani, haifai ukose kufika sebuleni mwetu.

Kwa familia zinazotaka kuanza, tunausia machache. Muulizeni mzee wa karibu angali hai, na mumwandikie maneno yake. Wafundisheni watoto wote kuogelea, wa kike na wa kiume, na mama awe wa kwanza. Chagueni maji mafu, asubuhi, na mahali palipokingwa. Mwanafunzi asitoke peke yake, na waliobaki nyumbani waambiwe njia na saa ya kurudi. Binti afundishwe na mwanamke anayejua au na maharimu wake, na akipatikana mama wa kukaa chini kama farumi, ni bora zaidi. Wakati wa sala uhesabiwe kabla ya kung'oa nanga.

Binti yetu amesharudi Chepkoilel. Wiki ya kwanza ya muhula alisimama mbele ya wenzake akiwa na rula, leso na uzi, akawaonesha foromali, tanga na demani, na namna ya kubisha. Kijana wa Ziwa akamuuliza kwa nini sisi hatukati upepo kwa omo, wakabishana mpaka kengele ikalia. Alitusimulia hayo kwenye simu, akicheka.

Mama yake alikuwa na desturi ya kumpigia simu mara tatu kwa siku, kumuuliza amekula nini, amevaa nini, na yuko na nani. Siku hizi humpigia mara moja, baada ya Isha, na akimkosa husubiri mpaka kesho. Tulipomuuliza sababu, alitwambia kwamba kamba bado iko mkononi mwake, ila amelifungua fundo.